Saa ya kupima sukari bila kudunga, kuna mtu anayo hapa Mombasa? Nisaidieni kabla sijatuma hela

BinKuze

Asalam aleikum wana jukwaa, na wengine hamjambo. Mamangu ana sukari, si jambo la jana, yuko kwenye vidonge na jioni anadungwa insulini. Dawa anameza bila maneno, shida yetu ni kupima. Yeye kazi yake ni kushona kofia za vito na mnajua kushona kofia kunavyotaka vidole, sasa akishadungwa asubuhi kwenye ncha ya kidole halafu ile sindano ya kofia ikigusa hapo hapo anaruka, basi siku nyingine anakataa kupima kabisa, ananiambia leo najihisi niko sawa. Sukari haihisiwi jamani lakini nani atambishia mamake.

Kuna jamaa anauza saa kwenye TikTok, laivu za usiku, anasema inapima sukari, presha, oksijeni, joto, na eti kolestro pia, hakuna kudunga hakuna damu, wavaa tu mkononi namba zinaingia kwa simu. Elfu nne na nusu, kisiwani analeta bure, Likoni unaongeza mia mbili. Dadangu yuko Jeddah naye anasema huko zimejaa madukani na watu wanavaa.

Sasa nauliza, hiyo saa inafanya kazi kweli? Na kama haifanyi, kuna mtoto wa jirani yetu ana kitu cheupe kama sarafu kimebandikwa nyuma ya mkono, naambiwa nacho ni cha sukari, hicho ni kitu gani na mtu wa kawaida anakiweza?

KisauniFinest

Nunua tu bro. Mjombangu anayo, inatoa 5.8, 6.1, vitu kama hivo, na akipima na mashine zinakaribiana. Watu wa hospitali hawataki mjue manake wanauza stripu, vile vijiti vya kutilia damu kwenye mashine 😂

FundiVyombo_Msa

Waalaikum salaam BinKuze. Usitume hiyo hela.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine za hospitali na hizi saa zaletwa mezani kwangu kila mara, watu wanataka niwasetie. Igeuze uone nyuma, kuna taa ya kijani na kijicho. Taa inamulika ngozi, damu ikipita inameza mwanga kidogo, moyo ukipiga mwanga unaorudi unapanda na kushuka, saa inahesabu. Mapigo inayapata, hilo sibishi. Oksijeni nayo huchukuliwa kwa taa nyekundu na nyingine ambayo jicho halioni, kwa sababu damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinameza mwanga tofauti, na hata hapo kuna kasoro zake, mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vile vipimo vya kubana kidole hospitalini vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Na hivyo ni vifaa vya hospitali, si vya laivu.

Sasa sukari haina rangi. Halafu ni kidogo, mtu mwenye 5.6 (ni milimoli kwa lita, namba zote hapa ni hizo) ana kama gramu moja kwenye lita nzima ya damu, na ule mwanga unaoweza kuigusa unamezwa pia na maji, na mwili wako ni maji kila mahali. Wenye mabilioni wamekwama hapo hapo. Mwaka 2001 Marekani waliidhinisha saa moja ya sukari, GlucoWatch ya kampuni ya Cygnus, lakini hiyo haikutumia mwanga, ilivuta majimaji ya chini ya ngozi kwa umeme mdogo, watu ngozi zikawawasha zikawa nyekundu, mwishowe ikatoka sokoni. 2014 Google wakaja na lenzi ya jicho ya kusoma sukari kwenye machozi, wakashikana na kampuni ya dawa ya Novartis, 2018 kazi ikasimamishwa manake machozi hayakwenda sambamba na damu. Haya niambie, Google ameshindwa, huyu wa TikTok ameipata wapi kwa elfu nne na nusu tena analeta bure?

Na Februari 2024 FDA, wale wanaosimamia dawa na vifaa Marekani, walitoa onyo wazi, kwamba hakuna saa wala pete hata moja waliyoidhinisha ipime sukari yenyewe peke yake. Peke yake nimesema. Kuna saa zinaonyesha namba zinazotumwa na sensa iliyobandikwa mwilini, hizo ni sawa, kazi yake ni kioo tu.

KisauniFinest, kuna mteja alibisha kama wewe. Nikatoka nje kwa yule mama anayekaanga mihogo, nikachukua mmoja mbichi na udongo wake, nikaufunga ile saa vizuri kama mkono wa bibi harusi. Ikafikiria, ikatetema, ikatoa mapigo 74, oksijeni 98, sukari 5.7. Muhogo una afya kutuzidi sote.

KisauniFinest

😂😂😂 wallahi muhogo. Lakini hujajibu, mbona ya mjomba inalingana na mashine?

FundiVyombo_Msa

Kwa sababu mjomba anapima asubuhi kabla ya chai, na kama dawa zamshika vizuri basi atakuwa hapo kwenye 5 au 6 au 7. Ukitaja namba yoyote ya hapo katikati utapatia, hata mimi nikiwa kwangu bila kumwona nitapatia. Saa zingine ni janja zaidi, wakati wa kuiseti inakuuliza umri, uzito na kipimo chako cha mwisho cha mashine, kisha inazunguka hapo hapo kwenye ile namba uliyoipa mwenyewe. Mwambie akishakula apime vyote viwili kwa wakati mmoja, hapo ndo utajua.

Sista_Zamu

Mimi ni nesi, na BinKuze umenitia wasiwasi uliposema mama anadungwa insulini. Mtu wa vidonge akidanganywa na saa, mara nyingi madhara yanakuja polepole. Wa insulini ni usiku huo huo. Saa ikisema 6 kumbe yuko 3, yaani imeshuka mno, na anadungwa kama kawaida, atalala na inaweza kuwa taabu kumwamsha. Nshapokea wagonjwa wanaletwa wamelegea, jasho, maneno hayashikani, na mtu wa nyumbani ananiambia lakini sista tumepima iko sawa, ukiuliza mmepima na nini anakuonyesha simu.

Sasa vidole vya mama. Naomba umwangalie anavyodunga. Wengi wanadunga katikati pale kwenye nyama ya ncha, ambapo ndipo panapoumia zaidi na ndipo anaposhikia sindano yake ya kofia. Adunge ubavuni mwa ncha, kwenye kidole cha kati, cha pete au cha mwisho, gumba na cha shahada aviache kwa kazi yake, na kama anashonea mkono wa kulia basi adunge wa kushoto. Kile kidude cha kudungia kina namba za kina juu yake, wengi hawajui, waliachiwa kwenye 5 siku ya kununua, arudishe 2 aone kama damu inatoka, ngozi ikiwa ngumu apandishe moja. Kisindano kiwe kipya, kikirudiwa kinakuwa butu na butu ndio inayouma. Aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, aiteremshe chini kidogo, damu itakuja bila kuminya minya.

Na kuosha si kwa usafi tu. Mtu amemenya embe, liwe apple au ngowe, ameshika kaimati, ameonja tende, kisha anapima na kidole hicho hicho, ile sukari iliyobaki juu ya ngozi inaingia kwenye stripu. Unaona 14, watu wote nyumbani wanashtuka, mnaanza kugombana nani kampa soda. Nawa kwa sabuni, kausha, rudia, ndio hapo unakuta 8. Spiriti peke yake haitoi utamu wa embe vizuri, maji na sabuni.

UmmuRayyan

Hicho cheupe ulichoona kwa mtoto wa jirani ni sensa, mwanangu anayo, ana sukari ile ya utotoni wanaita taipu wani. Ntakueleza tulivyokaa nayo.

Ukiibandika kuna sindano inaingia na kutoka hapo hapo, inaacha kijiuzi laini chini ya ngozi, na hicho hakisomi damu, kinasoma majimaji yaliyoko kati ya nyama. Ndo maana inachelewa kidogo, sukari ikipanda au ikishuka mbio ile namba ya kwenye simu inafuata nyuma kwa dakika kadhaa. Kwa hivyo ukiona mtoto anatetemeka na simu yasema 5, usibishane na mtoto, dunga kidole. Faida yake kubwa ni mshale, unaona inapanda au inashuka, na usiku inapiga kelele ikiteremka. Mimi kabla ya hapo nilikuwa naamka usiku wa manane kumdunga mtoto kalala, sasa nalala.

Lakini usidhani ni raha tupu. Joto la huku kwetu na jasho, gundi inabanduka, watoto wakicheza mpira au wakienda kuogelea Pirates inarudi inaning'inia, tunaizungushia plasta ya kitambaa. Akilalia ule mkono inaanza kulia kwamba sukari imeshuka na wala haijashuka, ni kule kubanwa. Zingine vitamini C nyingi inaziharibia hesabu, kwa hivyo soma karatasi yake. Na bei, ndugu yangu. Hii yetu ya FreeStyle Libre 2 inaisha siku 14 halafu unaanza upya, piga hesabu mwaka mzima. Sisi tunaletewa na shangazi yake kutoka Uingereza, na huko tangu 2022 mwongozo wao unasema kila mwenye taipu wani apewe sensa. Huku ni mfuko wako. Na kabla hujanunua hakikisha programu yake inakubali simu yenu na utizame tarehe ya kuisha, watu wanauziwa zilizopitwa.

Tudor4_

Naskia Marekani sasa sensa unanunua bila cheti cha daktari, si bei itashuka hata huku?

FundiVyombo_Msa

Ni kweli, Machi 2024 FDA waliruhusu sensa ya Stelo ya kampuni ya Dexcom iuzwe bila cheti, ya kwanza kabisa, na Juni mwaka huo huo Abbott, wenye zile FreeStyle Libre, nao wakaruhusiwa Lingo na Libre Rio. Lakini angalia waliolengwa, Stelo ni ya watu wazima wasiotumia insulini. Kwa mama wa BinKuze hiyo si yake, haina ile kengele ya kumwamsha ikishuka. Kuna nyingine Eversense 365, iliidhinishwa Septemba 2024, inatiwa kabisa chini ya ngozi na daktari inakaa mwaka mzima, na bado nje unabandika kidude cha kutuma namba.

Bei mimi siahidi kitu. Biashara ya hawa watu iko kwenye kubadilisha, sensa ikiisha baada ya wiki mbili ni mauzo mapya, kwa hivyo hawana haraka ya kukuuzia ya milele kwa bei ya mkate. Kinachoweza kushusha ni wengi kuingia, na Wachina wameshaingia na za kwao. Hapo ndipo mtu aulize kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu manake kwa sheria zetu ndio wanaosimamia hivi vifaa, si kila kilichofika bandarini Kilindini kimekaguliwa.

Na hizi za kweli pia zinakosea. Mwisho wa 2025 Abbott wenyewe walitangaza kwamba baadhi ya sensa zao za Libre 3 na Libre 3 Plus zinatoa namba ya chini wakati sukari haiko chini, kama milioni tatu Marekani peke yake, na taarifa walizopokea zilihusishwa na vifo 7. Mtu anaona imeshuka, anakula sukari, anaruka insulini, kumbe iko juu. UmmuRayyan yako ni Libre 2 haihusiki, lakini ukiletewa 3 weka ile namba ya sensa yenyewe (serial), kwenye tovuti yao unaiandika inakwambia kama ni miongoni mwao. Tofauti na yule wa laivu ni kwamba hapa kampuni ina namba ya pakiti, inatangaza, inabadilisha. Huyu mwingine ukimpigia kesho ashabadilisha akaunti.

KisauniFinest

Haya nimerudi. Jana kulikuwa na hitma kwao, mjomba kala haluwa na kahawa, nikamkumbusha apime vyote viwili. Mashine 13.9. Saa 6.0 😶 Ameivua, anasema atabaki kutizamia wakati wa swala.

Sista_Zamu

Mashallah, mmemlisha mgonjwa haluwa ili mshinde ubishi wa mtandaoni. Mwambie aende kliniki apimwe HbA1c, ile ya damu inayoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, hiyo haidanganywi na kufunga kula siku moja kabla ya daktari. Na BinKuze hata mama pia, uliza alipimwa lini mara ya mwisho.

BinKuze

Shukran sana nyote, hela sijatuma. Jamaa wa TikTok nilimuuliza kama ishawahi kujaribiwa kwa muhogo akaniblok.

Mama nimemuonyesha kudunga ubavuni mkono wa kushoto, kile kidude kweli kilikuwa kwenye 5, kakiangalia kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. Leo kapima bila kelele. Sasa ana suali lake mwenyewe, Ramadhani anafunga, na mwaka jana alikuwa hapimi mchana kwa kuogopa damu itamfunguza. Na je, sensa ya kubandika kwa mwezi wa Ramadhani tu inafaa, hata kama ni mbili tu za mwezi huo?

UmmuRayyan

Kupima hakufunguzi, ni tone, masheikh wengi wameshalisema hilo, lakini amuulize imamu wa msikiti wake akisikia kwake atatulia zaidi kuliko kwetu. Kuhusu sensa mimi naona wazo zuri sana, kama hela ni ya mara moja basi iende mwezi huo.

Sista_Zamu

Naunga mkono, ila kwanza daktari wake aseme kama afunge au asifunge, mtu wa insulini si sawa na wa vidonge, na aende mapema, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dozi za jioni na daku zinabadilishwa. Akiruhusiwa, namba za kushika ni hizi: ikiwa chini ya 3.9 afungue hapo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana, na ikipita 16.6 pia afungue. Apime alasiri hasa, ndio wakati inapoteremka, na masaa mawili baada ya futari aone mbaazi na mahamri na juisi ya ukwaju zimefanya nini.

BinKuze

Nimeandika nimebandika kwenye friji. Moja la mwisho kwa Fundi, stripu zake kopo lina tarehe ya mwaka ujao lakini lilifunguliwa tangu kabla ya Idi, na anaziweka jikoni rafu ya juu ya jiko kwa sababu ndio hasahau. Bado zafaa?

FundiVyombo_Msa

Tarehe ya mwaka ujao ni ya kopo ambalo halijafunguliwa. Likishafunguliwa angalia maandishi madogo ubavuni, aina nyingi wanakupa miezi mitatu mpaka sita, na wengi wanataka zisipite joto la nyuzi 30, na juu ya jiko Mombasa hata mwezi wa saba utapita. Ndani ya ile stripu kuna kimeng'enya kinachokula sukari na kutoa umeme ndio mashine inasoma, joto na unyevu vinakiua na mashine haikwambii, inakupa namba tu. Kopo hilo mwambie aache. Jipya aliweke chumbani, kifuniko kifungwe kila akitoa moja, na aandike kwa kalamu siku aliyofungua. Kisha nitumie jina la mashine yake na namba iliyoko nyuma, kuna zingine stripu zake hazipatikani tena mjini, nisije nikakutuma Mwembe Tayari bure.